Jogoo Huyu, Mama Yake Yuko Wapi?

Mnunuzi wa kuchi akifika mbele ya tenga huanza na bei. Kisha humnyanyua jogoo apime uzito kwa mkono, akamkagua miguu, akamtazama mdomo. Ni wachache wanaouliza mama wa jogoo huyo yuko wapi. Mchuuzi aliyemnunua kuku wake mnadani juzi hana la kujibu hapo. Atasema ni mbegu safi, imetoka Shinyanga, na baba yake alikuwa mkubwa kuliko huyu. Mfugaji halisi, yeye huenda bandani akamleta tetea mwenyewe, au akakueleza alikufa lini, kwa ugonjwa gani, na dada zake wako kwa nani.

Sura hii inahusu namna ya kumfikia huyo wa pili. Nitamchukua kuchi kama mfano kwa sababu hakuna kuku wetu wa asili anayetafutwa kama yeye, na kwa hiyo hakuna anayeuzwa kwa uongo kama yeye. Jogoo mzuri wa kuchi anaweza kufikia bei ya mbuzi. Bei hiyo imewaingiza katika biashara watu wengi ambao hawajawahi kumwona kuchi akiatamia.

Uingereza ilichapisha kitabu cha kwanza cha viwango vya kuku mwaka 1865, na Marekani ikafuata mwaka 1874. Tangu hapo, mtu anayetafuta kuku wa aina fulani katika nchi hizo anaweza kufungua ukurasa na kusoma upanga wake uweje, miguu iwe ya rangi gani, jogoo awe na uzito gani. Kuna vyama, kuna maonyesho, kuna waamuzi. Huku kwetu kuchi amekaa miaka mingi bila ukurasa hata mmoja wa namna hiyo. Viwango vyake vimo vichwani mwa watu wanaomfuga: wanajua yupi wa kubakiza na yupi wa kuchinja, na maamuzi hayo madogo ya kila msimu ndiyo yaliyomfikisha kuchi hadi leo. Mtu kama huyo akiuza kuku wake wote kwa mkupuo ili alipe ada ya shule, mbegu ya kijiji kizima huondoka naye. Ndiyo maana kumchagua mfugaji ni kazi nzito kuliko kumchagua kuku.

Kwanza tumtambue kuchi mwenyewe. Husimama wima, kifua kikiwa juu na mkia ukining'inia chini, mithili ya askari wa gwaride. Shingo ni ndefu, miguu ni mirefu na minene, manyoya ni machache, magumu na yamebana mwili, hata ngozi nyekundu ya kifua huonekana. Mdomo ni mfupi, mnene, umepinda. Nyusi zimejitokeza na kumpa sura ya ukali. Upanga ni mdogo umelala kichwani, na ndevu ni ndogo mno au hazipo kabisa. Nchini Tanzania hutajwa zaidi Kanda ya Ziwa, Tabora na Singida, na nchini Kenya yuko hasa Lamu na visiwa vyake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipowachambua kuku wa asili mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitenganisha makundi matano: Kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe, Mbeya na Morogoro wa umbo la kati. Kuchi na Singamagazi ndio walioongoza kwa uzito, majogoo wao wakifika kilo mbili na nusu na zaidi. Baadaye ulifanyika uchunguzi wa vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake, na hapo likajitokeza jambo ambalo hadi leo linanisisimua. Makundi mengine ya kuku wa Tanzania yalikuwa na mchanganyiko wa koo. Kuchi waliopimwa walibeba ukoo mmoja tu, na ukoo huo ulilingana na wa Shamo, kuku wa vita wa Japani, waliochukuliwa mkoa wa Kōchi katika kisiwa cha Shikoku.

Shamo mwenyewe aliingia Japani kutoka Siam, nchi tunayoiita Thailand leo, na mwaka 1941 serikali ya Japani ilimtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa inayolindwa. Kwa hiyo hatuhitaji kufikiria jahazi lililotoka Japani moja kwa moja hadi pwani yetu. Mimi naona inatosha kufikiria chimbuko moja la Asia ya Kusini-Mashariki, kisha biashara ya Bahari ya Hindi ikawatawanya kuku wake, wengine mashariki, wengine magharibi. Hata hivyo, kwa mfugaji wa leo neno zito katika utafiti ule ni "ukoo mmoja". Inaelekea kuchi wetu wametokana na matetea wachache sana. Wajukuu wa matetea hao ndio mbegu yenyewe, na hao ndio tunaowapoteza.

Tunawapoteza kwa namna ambayo haionekani kwa haraka. Kila mtu anataka jogoo. Jogoo ananunuliwa Shinyanga, anapelekwa Dar es Salaam au Dodoma, anawekwa na matetea wa kienyeji wa kawaida au na matetea chotara wa Sasso na Kuroiler, na vifaranga wanauzwa kwa jina la kuchi. Damu ya kuchi ndani yao ni nusu. Mwaka unaofuata pora mmoja kati yao, aliyerefuka vizuri, anapandishwa kwa matetea wengine wa kawaida, na sasa ni robo. Jina linabaki lile lile, na bei pia. Ukoo wa mama ulishaondoka siku ile ya kwanza, maana tetea wa kuchi hakununuliwa kabisa. Naye mfugaji wa kijijini, akiona majogoo ndio wanaolipa, humchinja tetea mzee bila kufikiria mara mbili.

Sina ugomvi na Sasso wala Kuroiler. Wa kwanza asili yake ni Ufaransa na wa pili ni India, na kuanzia mwaka 2014 mradi mkubwa ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, uliwafanyia majaribio kuku wa aina hizo katika vijiji vya Ethiopia, Nigeria na Tanzania. Kwa familia inayotaka nyama na mayai mapema ni kuku wa maana sana. Ubaya unaanza pale wanapochanganywa na kuchi halafu mnunuzi akaambiwa kitu kingine.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linapopima hatari ya mbegu ya mifugo kutoweka, linaanza kwa kuhesabu majike wanaozaa. Wakibaki 100 au pungufu, au madume wakibaki 5 au pungufu, mbegu iko ukingoni kabisa. Majike wakibaki 1,000 au pungufu iko hatarini. Unapokwenda kumtafuta mfugaji wa kuaminika, fanya hesabu hiyo hiyo katika uwanja wake. Hesabu matetea. Mtu mwenye majogoo kumi wanaong'aa na matetea watatu anafanya biashara ya kununua na kuuza, hata akijiita mfugaji. Mwenye majogoo manne na matetea kumi na wawili wa kuchi, wenye makucha yaliyochakaa kwa kuchakura, huyo keti naye.

Wapi pa kumpata? Mnadani na sokoni utapata kuku, lakini utakosa historia yao. Kama huna pa kuanzia pengine, soko litumie kama kituo cha kuulizia: mchuuzi mwenye kuchi mzuri alimtoa mahali, na ukimwomba kwa heshima, pengine ukamlipa kidogo, atakutajia kijiji. Fuata kuku hadi kijijini. Njia nyingine ni maonyesho ya Nane Nane, iwe Morogoro, Nzuguni Dodoma, Themi Arusha au viwanja vya John Mwakangale Mbeya. Hapo usivutiwe na jogoo aliyepakwa mafuta miguu. Zungumza na mwenye banda, chukua namba yake, kisha omba kumtembelea nyumbani mvua zikianza. Mfugaji anayekubali kutembelewa msimu wa matope na magonjwa hana cha kuficha.

Afisa mifugo wa kata naye ni hazina ambayo wengi huipita. Yeye ndiye anayejua nani katika eneo lake huchanja kwa ratiba na nani humwita yeye pale kuku wanapokuwa wamekwisha kufa. Mwulize hivyo hivyo, bila kuzunguka. Waliofanya utafiti wa kuku wa asili pale Morogoro nao wanajua vijiji walikochukulia kuku wao.

Wapo pia wazee waliomfuga kuchi kwa ajili ya kupiganisha. Kupiganisha kuku ni ukatili na sikubaliani nako, lakini ni kweli kwamba mchezo huo ndio uliowafanya watu hao watunze nasaba kwa ukali kuliko mtu mwingine yeyote, na baadhi ya matetea bora niliowaona walikuwa kwa wazee walioacha mchezo huo zamani wakabaki na kuku. Ukimpata mmoja wao, mpe muda. Msikilize kabla hujataja bei.

Mazungumzo haya niliyasikia katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga, kijana aliyetoka mjini akiwa mbele ya mzee mmoja chini ya mwembe:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Umefuata kuku?"

"Ndiyo mzee. Natafuta jogoo wa kuchi."

"Una matetea?"

"Ninao, wa kawaida tu."

"Basi hutafuti kuchi, mwanangu, unatafuta nyama. Chukua pora yule wa pembeni, nitakupunguzia. Ukitaka kuchi, uje uchukue matetea wawili kwanza, wakikaa salama kwako mwaka mmoja, jogoo nitakupa."

Kijana alikasirika kidogo, akaona anawekewa masharti katika kitu anacholipia. Mimi niliona nimempata mfugaji. Mtu anayeuza kila kitu kwa kila anayefika hana mbegu ya kulinda. Huyu alikuwa na kuku wa kuuza kwa ajili ya nyama, kuku wa kuuza kwa masharti, na kuku ambao hawauzwi kwa fedha yoyote. Unapotembelea banda, uliza ni kuku wepi hawauzwi. Akikuonyesha, mwombe akueleze kwa nini. Katika maelezo yake utasikia viwango vya kuchi zaidi ya utakavyovipata katika kitabu chochote: huyu mifupa ya kifua imenyooka, yule hakuacha mayai yake hata mvua iliponyesha, yule pale watoto wake wote walipona mafua.

Kisha omba kuwaona ndugu. Jogoo mmoja mzuri anaweza kutokea popote. Kundi zima la ndugu kumi walio sawa halitokei kwa bahati. Hapa upanga unasaidia sana, na sababu yake ilijulikana zamani. Mwaka 1902 mwanasayansi Mwingereza William Bateson alitumia panga za kuku kuonyesha kwamba kanuni za urithi zilizogunduliwa na Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Upanga mdogo uliolala, kama wa kuchi, huufunika ule wa kawaida uliosimama wenye meno. Kuku anaweza kuwa na upanga mdogo kwa nje huku amebeba ndani yake urithi wa upanga wa kusimama alioupata kwa bibi wa kienyeji. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne hutoka na upanga wa kusimama.

Kwa hiyo usiridhike kuonyeshwa vifaranga watatu waliochaguliwa. Omba kuona uzao mzima wenye umri wa miezi miwili na zaidi. Ukiona hata mmoja mwenye upanga wa kusimama, wazazi wote wawili wameubeba urithi huo. Hilo peke yake halimfanyi mwuzaji kuwa mwongo, kwa kuwa kuchi ni mbegu ya kijijini, haikufungiwa kamwe. Lakini mfugaji makini atakuwa ameliona kabla yako na atakwambia alivyolishughulikia. Wapo wanaompima jogoo kwa kumweka kwanza na tetea wa kawaida mwenye upanga wa kusimama. Kama jogoo ameuficha urithi huo, nusu ya vifaranga watauonyesha. Uwezekano wa jogoo aliyeuficha urithi huo kutoa vifaranga saba wote wenye upanga mdogo ni mmoja katika 128. Vifaranga hao saba wataliwa, na jogoo ataingia kwenye kundi akiwa amethibitishwa. Ukimkuta mtu anayefanya hivyo, mlipe anachoomba.

Swali jingine zito ni la majogoo wangapi wanapanda. Mfugaji mwenye jogoo mmoja na matetea kumi anaweza kudhani ana kundi la kuku kumi na mmoja. Kwa upande wa urithi hana. Kila kifaranga katika uzao huo ni mtoto wa baba mmoja, na wataalamu wa uzazi wana kanuni ya kukadiria hali hiyo: zidisha majogoo kwa matetea kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya kuku wote. Jogoo 1 na matetea 10 wanatoa takribani 3.6, yaani kundi hilo hupoteza utofauti wa urithi kama kundi la kuku wasiofika wanne. Ongeza majogoo wawe 4 kwa matetea hao hao, jibu linapanda hadi zaidi ya 11. Kuongeza matetea kutoka 10 hadi 20 chini ya jogoo yule mmoja kunakufikisha 3.8 tu. Baada ya vizazi vichache vya jogoo mmoja, mayai hayaanguliwi vizuri, vifaranga wanazaliwa wadhaifu, vidole vinapinda. Mfugaji hulaumu chakula, kumbe baba, mjomba na babu ni kuku mmoja.

Wafugaji wazuri hulikwepa hilo kwa kugawa kuku wao katika familia tatu au nne, kila familia na matetea wake, na kila mwaka mapora wa familia ya kwanza wanahamia ya pili, wa pili wanakwenda ya tatu, wa tatu wanarudi ya kwanza. Matetea hawahami. Utaona mara moja kwamba mpango huu unalinda ukoo wa mama na kuzuia ndugu wasipandane, na unaendeshwa na mtu yeyote mwenye mabanda matatu ya fito na daftari.

Daftari ni lazima, au kitu kinachofanya kazi yake. Wengine hutumia pete za plastiki miguuni kwa rangi. Wengine hutoboa ngozi iliyo kati ya vidole kifaranga akiwa wa siku moja: kila mguu una sehemu mbili za kutobolewa, jumla nne, na ukizitoboa au kuziacha unapata alama 16 tofauti ambazo kuku hukua nazo hadi kufa. Mzee asiyeandika kabisa lakini anayemtambua kila tetea kwa sura na kukutajia uzao wake bila kusita naye ninamwamini, isipokuwa nitamwomba mjukuu wake aandike tukiwa tumekaa pale pale.

Nimesema mengi juu ya nasaba, na afya nayo haisubiri. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Australia na ambayo sasa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza katika kituo chake cha Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwulize mfugaji alichanja lini mara ya mwisho. Anayejibu "kuku wa kienyeji hawaumwi" ana kuku ambao bado hawajafikiwa na ugonjwa.

Ninachokiogopa zaidi katika kununua mbegu ni homa ya matumbo. Bakteria wake wanaweza kupita kutoka kwa tetea hadi ndani ya yai, na kuku aliyeugua akapona anaweza kubaki na ugonjwa huo mwilini miezi mingi akiwa ananenepa na kung'aa. Ukinunua mayai yake, umenunua ugonjwa pamoja na mbegu. Kipo kipimo rahisi ambacho daktari wa mifugo anaweza kukifanya bandani: tone la damu huchanganywa na dawa maalumu juu ya kibao cheupe, na ndani ya dakika mbili damu ya kuku aliyeambukizwa huganda vipande vipande. Ni wafugaji wachache wanaopima, na sitaki kumhukumu asiyepima. Lakini ukimwambia uko tayari kumlipia daktari aje kuwapima matetea unaowataka, na yeye akakataa, ondoka.

Kwa kuku wengine adimu wa asili maswali ni yale yale, ila alama hubadilika. Kishingo halisi, aliyerithi kwa baba na kwa mama, shingo yake huwa karibu tupu kabisa. Aliyerithi upande mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, na nusu ya watoto wake kwa tetea wa kawaida watakuwa na manyoya kamili. Kuku wa manyoya yaliyojikunja kuelekea mbele hufaa kupandishwa na mwenye manyoya laini, kwa sababu wawili waliojikunja wakikutana, robo ya watoto huwa na manyoya yanayokatika hadi ngozi inabaki wazi kwa jua na baridi. Bukini asiye na mkia hupata shida ya kupandana, na mfugaji wake atakwambia mayai mengi hayana mbegu. Akikwambia yote yanaanguliwa, ama hana bukini ama hana ukweli.

Kuhusu umri wa kununua nina msimamo. Kifaranga wa siku moja anayeuzwa kama kuchi ni ahadi tu. Hakuna atakayemtofautisha na chotara kwa uhakika. Mayai yana faida moja, ni mepesi kusafirisha, lakini yasizidi wiki moja tangu kutagwa, na yakifika yapumzishwe siku moja ncha nyembamba ikiwa chini kabla ya kuatamiwa. Kinachofaa zaidi kwa anayeanza ni tembe wa miezi mitano au sita. Ameshavuka magonjwa ya utotoni, umbo lake limeanza kusomeka, na miaka yake ya kutaga yote iko mbele. Kuchi huchelewa kukomaa, kwa hiyo usimkatae tembe kwa wembamba wake; tazama urefu wa mfupa wa mguu na unene wa mdomo.

Biashara ya picha za simu imeongeza utapeli. Picha ile ile ya jogoo mwekundu huzunguka ikiwa na wamiliki tofauti. Kama huwezi kusafiri, omba video inayopigwa wakati mnazungumza, kuku akiwa na mama yake na kitu utakachokitaja wewe papo hapo, labda ndoo ya bluu au kanga. Fedha zote zisitumwe kabla. Kuku akisafirishwa kwa basi awe ndani ya tenga lenye nafasi ya kusimama, apewe maji kabla ya safari, awe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa anakotoka. Mwuzaji anayekwambia kibali ni usumbufu anakuomba ubebe hatari yake.

Kuku wako wapya wakifika, watenge siku 30 mbali na wa zamani, na vyombo vyao vya maji, na viatu vya kuingilia bandani kwao. Siku hizo mpigie simu aliyekuuzia. Mfugaji mzuri hupenda kujua, na maswali yake yatakufundisha: wanakula nini, kinyesi kikoje, tembe yule mweusi ameanza kuchakura?

Na makubaliano ya mwisho hufanywa kabla ya kulipa. Mwambie kwamba katika uzao wako wa kwanza utakaofika miezi sita utamrudishia tembe mmoja na pora mmoja, akitaka, na kwamba mtabadilishana majogoo kila baada ya mavuno. Kwake hiyo ni akiba: kideri kikimpitia, mbegu yake iko kwako, wilaya nyingine, ambako ugonjwa haukufika. Kwako ni jogoo mpya asiyetoka katika banda lako. Andikeni alama za miguuni za kila kuku anayetoka na anayeingia, nakala mbili, moja ibaki kwake na moja kwako, mkataja na jina la mtu wa tatu mnayemwamini ambaye naye atapewa matetea wawili mwaka unaofuata.